Somo la Tisa

Karatasi ile ilikuwa na swali moja tu na mistari kumi na miwili ya kujibia. "Eleza maendeleo yako katika somo la Bayolojia tangu ulipoanza hadi sasa. Maneno yasiyozidi mia moja." Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje ya zahanati, ndoo ya maji ya dawa iko miguuni, na nilicheka kwa sauti mpaka mgonjwa mmoja akageuka kunitazama. Maendeleo. Miezi saba sijapokea hata ukurasa mmoja kutoka kwao, halafu wananiuliza maendeleo.

Nilijibu siku hiyo hiyo. Sikutumia mistari yao kumi na miwili. Nilichomoa karatasi katikati ya daftari, nikaandika kurasa nne mbele na nyuma, na niliandika kwa Kiswahili ingawa masomo yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa kimefika kwenye mmeng'enyo wa chakula tu na hakikuweza kubeba hasira ile. Niliwaita wavivu. Niliwaita watu wa mjini wanaokaa kwenye viti vya kuzunguka na kusahau kwamba huku nako kuna binadamu. Niliandika kwamba maendeleo yangu ni kama ya ng'ombe aliyefungwa kwenye mti, anazunguka na kamba inazidi kuwa fupi. Sentensi hiyo nilijivunia sana wakati ule.

Ili mtu aelewe hasira ile, lazima aelewe nilikuwa nasubiri nini. Nilimaliza darasa la saba mwishoni mwa miaka ya sabini, nikafaulu, nikakosa nafasi ya sekondari. Walichaguliwa wawili shuleni kwetu, wavulana wote, na mmoja wao nilikuwa namfanyia hesabu. Mama alikuwa amekwisha kufariki kwa homa. Baba alisema sawa, kibanja kipo, migomba na kahawa haviulizi cheti. Nilibaki nyumbani Mabira miaka kadhaa, nikilima na kuchuma kahawa, mpaka zahanati ya misheni kule Nkwenda ilipotafuta msichana wa kufanya usafi. Nikaenda. Nilifagia, nilipiga deki, nilichemsha sindano, nilimwaga yale ambayo watu hawataki kujua humwagwa na nani.

Muuguzi mkuu wa pale alikuwa mwanamke mkali, mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na hakuwa mtu wa kusifu. Siku moja alinikuta nasoma maandishi ya kwenye chupa za dawa, nikijaribu kuyatamka. Hakunicheka. Alisema kama ningepata cheti cha kufaulu Bayolojia, angeniandikia barua ya kujiunga na chuo cha uuguzi. Chuo kilikuwa hakichukui mtu aliyepita miaka ishirini na mitano. Mimi nilikuwa nakaribia ishirini na mitatu. Alinipa anwani ya chuo cha elimu kwa njia ya posta na kuniambia nisimpotezee muda wake.

Ndivyo nilivyoanza. Masomo yalikuwa ishirini, kila moja kijitabu chembamba chenye jaribio mwishoni. Unasoma, unajibu jaribio, unalituma. Wanalisahihisha kwa wino mwekundu, wanalirudisha pamoja na somo linalofuata. Bila jaribio la somo ulilonalo, hupati jingine. Na ili usajiliwe kufanya mtihani wa Novemba, lazima uwe umemaliza masomo kumi na mawili. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja na nusu. Nilipiga hesabu, nikaona inawezekana, tena ninabakiwa na miezi ya akiba.

Nilisoma mchana, saa ya wagonjwa kupungua, au Jumamosi nikiwa nyumbani chini ya migomba, kamusi upande mmoja na kijitabu upande wa pili. Neno moja la Kiingereza nilikuwa nalitafutia Kiswahili chake, halafu Kiswahili nacho nakitafutia Kinyambo chetu cha nyumbani kichwani mwangu ndipo nielewe ni kitu gani hasa kinachosemwa. Mtu aliyezaliwa na lugha moja inayotumika nyumbani, shuleni na ofisini hajui amepewa nini.

Somo la nne lilihusu wadudu. Jaribio lilitaka tuchore mdudu wa mahali tunapoishi na kuandika majina ya sehemu zake. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Nikachukua mmoja kwenye beseni la jikoni, nikamchora kwa uangalifu mkubwa, kila pingili ya tumbo mahali pake. Jaribio liliporudi, mwalimu alikuwa ameandika pembeni: mchoro mzuri, lakini mabawa yako wapi, na miguu ya nyuma iko wapi? Nikaangalia mchoro wangu. Nilikuwa nimemchora senene aliyekwisha kuchambuliwa, tayari kwa kukaangwa. Tangu utotoni nimechambua senene maelfu, mikono yetu wanawake ndiyo iliyofanya kazi hiyo, na macho yangu yalikuwa hayamjui senene mzima. Alama nne zikaenda hapo.

Nilimwonyesha shangazi. Alicheka mpaka akashika mbavu. Shangazi huyu alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane aliyerudi kwa kaka yake baada ya mumewe kufa, na ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alikuwa mtu wa zamani kwelikweli. Hakula kuku, hakula mayai, na senene wenyewe aliwachambua maisha yake yote bila kuonja hata mmoja, kwa kuwa walikuwa chakula cha wanaume. Hakujua kusoma hata herufi. Lakini alikuwa mkunga, na kwenye ule mgongo wa milima karibu kila mtoto alipita mikononi mwake. Alikuwa na mfuko wa lubugo, lile gome la mti lililopondwa mpaka likawa kitambaa, na humo aliweka wembe, uzi na majani yake ya dawa. Mfuko ule haukuguswa na mtu mwingine.

Barua zetu zilipitia sanduku la posta la kanisa. Mwinjilisti alizichukua, akazileta kwa baiskeli, na Jumapili baada ya matangazo ya misiba na mavuno alisoma majina. Bahasha zangu zilikuwa kubwa, za kahawia, hazikufungwa kwa gundi kwa sababu zilitumwa kama machapisho. Akifika kwenye yangu, alisema, "Na hii ni ya binti yetu wa wadudu," na kanisa zima linacheka. Sikuchukia. Jumapili moja nilikuwa kanisani, Jumapili nyingine zamu zahanati, na Jumapili ya zamu shangazi alinipokelea.

Nilituma jaribio la somo la nane mwezi wa pili. Halikurudi. Mwezi wa tatu, kimya. Mwezi wa nne, kimya. Nilimwuliza shangazi kila nilipotoka zamu.

"Shikamoo shangazi. Hakuna bahasha yangu?"

"Marahaba. Hakuna, mwanangu."

Nilimwuliza mwinjilisti pia, kila Jumapili niliyokuwepo. "Leo hakuna kitu," alinijibu. Na ni kweli, leo hiyo hakukuwa na kitu. Alijibu nilichouliza, nami sikuwa na akili ya kuuliza zaidi.

Mwezi wa tano niliwaandikia chuo barua ya adabu nikiomba wanikumbuke. Kimya. Nilirudia kusoma masomo manane yale mpaka nikayajua kwa moyo, nikayachukia. Muuguzi mkuu aliniuliza nimefika wapi. Nikamwambia somo la nane. Mwezi uliofuata akauliza tena, nikamwambia la nane. Mara ya tatu hakuuliza. Alikuwa ameanza kumpa msichana mwingine vitabu vya kusoma, msichana aliyetoka sekondari ya Bukoba na asiye na haja ya posta, na mimi niliendelea kupiga deki sakafu waliyokuwa wanakanyaga wakijadiliana.

Katikati ya miezi hiyo, mwanamke mmoja wa bondeni alifariki akijifungua. Walikuwa familia iliyotoka Burundi, mumewe alifanya vibarua katika vibanja vya watu, na yeye alikuwa mwanamke mpole aliyeimba vizuri kanisani. Shangazi ndiye aliyeitwa. Damu ilianza kutoka kabla ya mtoto, wakamweka kwenye machela kumpeleka barabarani kutafuta gari, hawakufika. Mtoto naye hakuishi. Nilikwenda mazishini. Baada ya hapo shangazi akawa kimya, anakaa peke yake nyuma ya nyumba, na ukimwita anachelewa kuitika. Nilidhani ni uzee. Sikuwa na nafasi moyoni ya kufikiria zaidi, nilikuwa nafikiria bahasha.

Ndipo ikaja ile karatasi ya maendeleo, katika barua ya kawaida iliyofungwa. Mwinjilisti aliniletea mwenyewe zahanati, alikuwa amekuja kutibiwa jino. Nikaandika zile kurasa nne za matusi.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Lilikuwa fupi, limeandikwa kwa mkono, na kwa Kiswahili. Mwalimu aliyekuwa akinisahihishia alisema amesoma barua yangu yote. Alisema somo la tisa lilitumwa mwezi wa tatu pamoja na jaribio langu la nane, na nilipoandika kwamba halijafika, walituma nakala nyingine mwezi wa sita. Bahasha zote mbili hazikurudishwa na posta. "Tafadhali ulizia huko kwenu," aliandika. Chini akaongeza kwamba usajili wa mtihani wa Novemba umefungwa, na anasikitika.

Jumapili iliyofuata nilimsubiri mwinjilisti mlangoni mwa kanisa. Watu walikuwa bado wanasalimiana.

"Bahasha kubwa ya mwezi wa tatu," nikamwambia. "Na nyingine ya mwezi wa sita."

Alifikiri kidogo. "Nilimkabidhi shangazi yako mkononi. Zote mbili. Kwani hukuzipata?"

Nikashika njia. Kutoka kanisani mpaka nyumbani ni mwendo wa karibu saa nzima, kupanda na kushuka, na sikumbuki nilipita wapi.

Nilimkuta kibanjani, anatoa majani makavu kwenye migomba. Nilimpa shikamoo, kwa sababu mdomo ulikuwa umezoea.

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Bahasha zangu ziko wapi, shangazi?"

Hakubisha. Hilo ndilo lililonitia hasira kuliko uongo wenyewe. Aliweka chini mundu, akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akarudi na ule mfuko wa lubugo. Akatoa humo vijitabu viwili vinavyofanana. Kimoja kilikuwa kipya. Kingine kilikuwa kimechoka, kona zimejikunja, na ukurasa mmoja ulikuwa mweusi kwa alama za vidole. Juu kiliandikwa Somo la Tisa: Uzazi wa Binadamu.

"Kaa," alisema.

"Sikai."

"Basi simama, lakini usikie. Ile siku nilifungua kuangalia kama ni wadudu tena, nicheke. Nikaona mwanamume na mwanamke wamepasuliwa wazi kama mbuzi wa sikukuu. Wewe ni binti yangu. Mambo hayo ni yangu kukwambia, siku ukiolewa, mimi na wewe mlango umefungwa. Watu wa huko utakakoolewa wakiuliza nani kamfundisha huyu, utasema nini? Karatasi?"

"Nani amekwambia naolewa?"

"Utaolewa."

"Mimi nilikuwa naenda chuo," nikasema. "Nilikuwa na mwaka huu tu. Mwakani sitachukuliwa, umri umekwisha. Unajua maana yake? Nitafagia pale mpaka nife."

Nilimwambia mengine ambayo sitayaandika, kwa sababu baadhi yake niliyasema kwa Kinyambo na hayana namna ya kuandikika kwa heshima. Nilimwambia kwamba wivu umemla. Nilimwambia kwamba amezoea kuwa mwenye siri peke yake na ameogopa kitabu kitamnyang'anya kazi. Baba alitokea nyuma ya nyumba, akatuangalia, akarudi alikotoka.

Nilipoishiwa pumzi, shangazi alifungua kijitabu kile kilichochoka. Kilifunguka chenyewe kwenye ule ukurasa mweusi. Ulikuwa na picha ya mwanamke mjamzito aliyechorwa kwa upande, mtoto ndani yake kichwa chini, kamba ya kitovu, na kondo la nyuma limeshikamana juu kwenye ukuta wa tumbo la uzazi.

"Hii ndiyo nyumba ya mtoto?" aliuliza.

Nikageuza uso.

"Miaka thelathini nashika kwa nje. Sikuwahi kuona." Alipitisha kidole juu ya mchoro bila kuugusa. "Nilitaka kukurudishia, kweli. Halafu nikawa natazama kwanza. Halafu yule wa bondeni akafa."

Aliweka kidole kwenye kondo. "Hapa wamelichora juu. Sivyo? Yule mimi nililikuta chini, mlangoni kabisa, mbele ya mtoto. Nililigusa kwa mkono huu. Nimeangalia picha hii kila siku, naona limechorwa juu. Nilimkanda tumbo jioni yake, alikuwa anaumwa mgongo. Nisomee hapa pembeni wameandika nini, nakuomba, waitu. Nataka kujua kama ni mimi niliyelishusha."

Leo nikiandika haya nina umri kama aliokuwa nao yeye, na ninaweza kuona kila kitu wazi: mikono yake yenye utomvu wa migomba, jinsi alivyokuwa amekishika kijitabu kwa namna anavyomshika mtoto mchanga, kiganja kikiwa chini yake. Wakati ule niliona jambo moja tu, kwamba mtu aliyeniharibia maisha ananiomba nimfanyie kazi.

Nilimpokonya vyote viwili. Nikabaki na kile kipya, kile kilichochoka nikamtupia miguuni.

"Si ulikichukua wewe?" nikamwambia. "Kisome."

Nikaondoka.

Kesho yake, Jumatatu, nilikuwa naosha trei na muuguzi mkuu anapanga dawa kabatini. Sijui kwa nini niliuliza. Labda nilitaka tu aone kwamba bado ninasoma. Nilimtajia yule mwanamke wa bondeni, nikamwuliza kondo la nyuma linaweza vipi kukutwa chini, mbele ya mtoto, wakati kwenye picha liko juu.

"Linajishika huko tangu mimba changa," alisema bila kugeuka. "Linakulia huko huko. Halishushwi na mtu. Damu ikianza, ni hospitali, ni upasuaji. Wangemleta hapa kwangu, hata mimi ningempoteza. Umekamilisha trei?"

Nikasema nimekamilisha.

Nilifanya jaribio la somo la tisa wiki hiyo. Lilirudi na alama tisini na sita, za juu kuliko zote nilizowahi kupata. Masomo mengine yalifuatana vizuri, kila mwezi bahasha, maana nilimwambia mwinjilisti asimkabidhi mtu mwingine yeyote. Mtihani niliufanya Novemba ya mwaka uliofuata, nikafaulu, na cheti kilipofika nilikuwa nimeshavuka umri. Muuguzi mkuu alikiangalia, akasema ni kizuri, akanirudishia. Yule wa Bukoba alikuwa tayari chuoni. Nilikitia cheti kwenye sanduku, nikachukua fagio. Mwalimu wa posta, mtu niliyemtukana kurasa nne bila kosa, sikumwandikia kumwomba radhi, ingawa nilikuwa na bahasha zake na anwani yake.

Shangazi aliacha kuzalisha. Wanawake walikuja kumwita, akasema mikono imekufa ganzi, waende Nkwenda. Ilikuwa mwendo mrefu kwa mwenye uchungu. Wengine walijifungulia njiani. Mwaka ule ule wa ugomvi wetu akahamia Igurwa kwa binti yake. Siku aliyoondoka nilikuwa zamu, na niliomba zamu hiyo mwenyewe.

Nilikuwa na jibu lake. Sentensi moja, halishushwi na mtu, hata kwa Kinyambo ni maneno matatu au manne. Nilijiambia nitamwambia nikipoa. Sikupoa. Kila nilipopiga deki mbele ya wauguzi wanafunzi waliokuja kwa mazoezi, wadogo kwangu kwa miaka, wakiniita dada lete hiki dada ondoa kile, hasira ilikuwa mpya kama ya jana, na ilikuwa inanifurahisha kwamba kule Igurwa kuna mtu naye hana raha. Ndiyo, ilinifurahisha. Sina sababu ya kujipamba uzeeni.

Baada ya miaka mitatu niliolewa, na shangazi alikuja. Nani mwingine angekuja? Tulikaa siku mbili chumbani, mlango umefungwa, kama alivyosema. Alinifundisha. Nilikuwa na alama tisini na sita za uzazi wa binadamu na karibu yote aliyoniambia sikuwa nayajua: namna ya kukaa na mume mwenye hasira, namna ya kujua mimba imeshika kabla ya mtu mwingine kujua, namna ya kukaa siku za kwanza baada ya kujifungua. Alisema taratibu, kwa heshima, ananitazama machoni. Hakugusia somo la tisa. Mara mbili tulinyamaza kwa muda mrefu, na mara zote mbili nilijua anasubiri nini. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake. Nikajifanya nimesinzia.

Nilipozaa mtoto wa kwanza, nililazwa hospitali, na kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mwanamke aliyeletwa na damu kabla ya mtoto. Alipasuliwa. Akaishi, mtoto akaishi. Niliwasikia madaktari wakiwaeleza ndugu zake mlangoni, kwa maneno yale yale ya muuguzi mkuu, kwamba hakuna aliyekosea. Mama yake alikaa chini sakafuni akalia kwa furaha. Hapo ndipo nilipoona aibu, na ilikuwa aibu ya kuchelewa.

Mtoto alipoanza kukaa nilimbeba mgongoni nikaenda Igurwa kwa lori la kahawa. Shangazi alikuwa amekaa uani anamenya ndizi. Alikuwa amepungua sana. Alimpokea mtoto, akamgeuza, akamwangalia mgongo na nyayo kama alivyofanya kwa watoto wote, akanipa kahawa za kutafuna. Nilimpa shikamoo. Halafu nikamwambia, bila kuzunguka, kwamba yule mwanamke wa bondeni, kondo lake lilijishika chini tangu mwanzo wa mimba, kwamba kumkanda hakukushusha kitu, kwamba hata hospitali ndogo isingemwokoa.

Alimshikilia mtoto kwa mkono mmoja. Macho yake yalijaa maji, na kwa muda alikuwa anatikisa kichwa tu, anasema Mungu, Mungu wangu, kwa sauti ya chini. Alinishika mkono. Alinishukuru. Nilidhani yamekwisha.

Kisha akaniuliza, "Ulijua lini?"

Ningeweza kusema uongo. Ningesema nimeyajua juzi, hospitalini, na angeniamini, kwa maana hata tarehe ya kuzaliwa kwake alikuwa haijui. Lakini alikuwa amenishika mkono.

"Kesho yake," nikasema. "Jumatatu ile, baada ya siku niliyokutupia kitabu."

Alimlaza mtoto wangu mapajani ili apate mkono wa pili. Akaanza kuhesabu kwa vidole, mwaka mmoja mmoja, akiutaja kila mmoja kwa jambo lililotokea: mwaka aliohama, mwaka wa jua kali, mwaka wa harusi yangu. Alipofika kidole cha sita, aliuachia mkono wangu na kuanza tena kumenya ndizi.